Umri wa Uso na Umri wa Sauti: Waigizaji wa Makamo katika Uhusika wa Vijana kwenye Tamthilia za Muziki

Jioni ya tarehe 16 Novemba 1959, katika ukumbi wa Lunt-Fontanne mjini New York, ilifunguliwa tamthilia ya muziki iitwayo The Sound of Music, muziki ukiwa wa Richard Rodgers na maneno ya nyimbo yakiwa ya Oscar Hammerstein. Mhusika mkuu ni Maria, msichana wa Austria aliye katika majaribio ya utawa, ambaye anatumwa na wakubwa wake kwenda kuwalea watoto wa Kapteni von Trapp na hatimaye anaolewa naye. Maria halisi, ambaye maisha yake ndiyo chanzo cha kisa hicho, alizaliwa mwaka wa 1905 na alikuwa na miaka 21 alipoingia nyumba ya Kapteni mwaka wa 1926. Mwigizaji wake, Mary Martin, alizaliwa tarehe 1 Desemba 1913. Zilikuwa zimebaki wiki mbili atimize miaka 46. Kapteni, ambaye katika historia alimzidi mkewe kwa takriban miaka 25, aliigizwa na Theodore Bikel, aliyekuwa na miaka 35. Mama Mkuu wa watawa, anayemlea Maria kiroho, aliigizwa na Patricia Neway, aliyetimiza miaka 40 Septemba ya mwaka huohuo. Kwa hesabu ya tarehe za kuzaliwa, basi, bibi arusi alimzidi bwana arusi kwa miaka kumi, na mwanagenzi wa utawa alimzidi mlezi wake kwa karibu miaka sita. Hata hivyo tamthilia hiyo ilionyeshwa mara 1,443, na Martin akatunukiwa tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ya muziki.

Kitendawili hiki kimezoea kuteguliwa kwa njia mbili nyepesi. Wapo wanaokicheka, na wapo wanaokisifu kwa kutaja kipaji kisichozeeka. Njia zote mbili humtazama mwigizaji usoni na kumfanya yeye kuwa swali zima. Makala haya yanashikilia kwamba swali lenyewe limo kwingineko: katika utunzi wa muziki, na katika mamlaka ya yule aliye karibu na chanzo cha kazi. Mwigizaji wa makamo aliupata uhusika wa kijana pale alipokuwa na usemi juu ya kazi yenyewe, na alisadikika pale nyimbo za uhusika huo zilipokatwa na kushonwa kwa kipimo cha koo lake. Aidha, jambo hili linazidi ubora au udhaifu wa onyesho moja. Historia ya waigizaji hawa ni historia ya jukwaa lililowanyima wanawake wa makamo nafasi zilizoandikwa kwa ajili yao, likawaacha wazitafute ndani ya mavazi ya wasichana.

Kwa mhakiki wa fasihi simulizi, pengo kati ya umri wa msanii na umri wa anayesawiriwa si jambo geni. Fanani wa ngano, aghalabu bibi mwenye wajukuu, huimba wimbo wa msichana aliyetekwa na zimwi na hakuna anayemuuliza meno yake yako wapi. Lakini fanani ni msimulizi. Huingia katika uhusika na kutoka kabla wimbo haujapoa. Mwimbaji wa taarab yuko mbali zaidi na tatizo hili. Fatuma binti Baraka, maarufu kwa jina la Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 akiwa mkongwe, aliimba mapenzi hadi uzeeni, na hadhira haikumtarajia awe mhusika yeyote ila yeye mwenyewe. Tamthilia ya muziki inadai jambo zito zaidi, yaani mwili mmoja ukae ndani ya mhusika mmoja kwa saa mbili na ushei, uzungumze, ucheze, upendwe, kisha uimbe. Na urudie hayo yote mara nane kwa wiki, ambayo ndiyo kaida ya kumbi za Broadway na za London. Yafaa ikumbukwe pia kwamba pengo la upande wa pili halimkeri mtu. Katika mashindano ya drama ya shule nchini Kenya, mvulana wa kidato cha pili hujipaka unga nywele akawa mzee wa ukoo, na waamuzi humtuza. Kijana anayepanda umri huhesabiwa kuwa msanii. Mzee anayeshuka umri huhesabiwa kuwa anajidanganya. Upendeleo huu haujahakikiwa inavyostahili.

Sehemu ya tatizo imo katika koo lenyewe. Sauti iliyofunzwa hukomaa polepole. Nguvu ya pumzi na uwezo wa kuivuka okestra nzima bila maikrofoni huja baada ya miaka mingi ya mazoezi, ilhali watunzi wa opera walipenda mashujaa wao wa kike wawe wabichi. Cio-Cio-San katika Madama Butterfly ya Giacomo Puccini, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mjini Milan mwaka wa 1904, ana miaka 15. Rosina Storchio aliyemwimba usiku huo alizaliwa 1872. Richard Strauss alimtungia binti mfalme Salome, msichana mdogo, muziki unaohitaji mapafu ya mwanamke aliyekomaa, na katika onyesho la kwanza mjini Dresden mwaka wa 1905 Marie Wittich, mwenye miaka 37, aliimba lakini akakataa kucheza ile ngoma ya shela saba; mcheza dansi akaletwa achukue mahali pake. Nellie Melba, aliyezaliwa 1861, aliuaga ukumbi wa Covent Garden tarehe 8 Juni 1926 kwa kuimba sehemu za Juliette, Desdemona na Mimì, yaani wasichana watatu katika usiku mmoja, akiwa na miaka 65. Hadhira ya opera ilikuwa imefunzwa kusikia kwanza na kuona baadaye. Tamthilia ya muziki ya karne ya 20 ilirithi dai la koo bila kurithi uvumilivu huo, kwa sababu ndani yake wahusika huzungumza kama watu wa kawaida, na anayezungumza kama mtu wa kawaida hutazamwa kama mtu wa kawaida.

Kabla ya kurudi kwa Maria, inafaa kuanzia katika tamthilia isiyo na wimbo hata mmoja, maadamu ndiyo iliyozaa mojawapo ya tamthilia za muziki mashuhuri kuliko zote. George Bernard Shaw aliandika Pygmalion akimfikiria Mrs Patrick Campbell. Matini yenyewe inasema kwamba Eliza Doolittle, muuza maua, ana umri wa kati ya miaka 18 na 20. Campbell alizaliwa Februari 1865. Tamthilia ilipofunguliwa London tarehe 11 Aprili 1914, alikuwa na miaka 49. Shaw, bingwa wa uhalisia, hakuuona mkinzano huo kuwa kizuizi. Eliza wa 1914 alikuwa kwanza kabisa mwanamke wa umbuji mkubwa wa kusema, na tamthilia nzima inahusu kusema. Koo la Campbell liliweza kubeba Kiingereza cha vichochoro na Kiingereza cha makasri kwa pumzi moja, na kwa Shaw jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko mikunjo ya uso.

Miongo minne baadaye Alan Jay Lerner na Frederick Loewe waliigeuza tamthilia hiyo kuwa My Fair Lady. Jambo ambalo husahaulika ni kwamba Eliza wao wa kwanza wa kufikiriwa alikuwa Mary Martin huyohuyo, ambaye wakati huo alikuwa na takriban miaka 40. Waliandaa nyimbo kadhaa wakampelekea azisikilize. Hazikumpendeza, akaachana nao. Uhusika ukamwendea Julie Andrews, aliyezaliwa tarehe 1 Oktoba 1935, na pazia lilipofunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956 alikuwa na miaka 20, umri uleule alioutaja Shaw. Kilichofuata katika utunzi kinastahili kutazamwa kwa makini. Rex Harrison, aliyeigiza Profesa Higgins akiwa na miaka 48, hakuwa mwimbaji. Loewe akamtungia nyimbo zinazoegemea usemi, ambapo lahani hupita chini kama mto na mwigizaji akatembea ukingoni bila kulazimika kuogelea. Noti ndefu na za juu zote alitwishwa msichana. Kwa hiyo katika kazi moja mtu mzima alipunguziwa mzigo kwa ustadi mkubwa na hakuna aliyeuita udhaifu. Uliitwa mtindo, na mtindo huo ukaigwa.

Hisani ya namna hiyo ilikuwa imekwisha kutendewa mwanamke mara moja, naye aliipata kwa sababu kazi ilitoka mikononi mwake. Gertrude Lawrence, aliyezaliwa London tarehe 4 Julai 1898, alikipenda kitabu cha Margaret Landon cha mwaka wa 1944 kuhusu Anna Leonowens, mwalimu aliyeajiriwa katika kasri la mfalme wa Siam. Wakili wake, Fanny Holtzmann, ndiye aliyeshughulikia haki za kitabu na kuwafuata watunzi. Rodgers na Hammerstein walisita. Hawakuwa wamezoea kutunga kwa ajili ya nyota aliyekwisha kuchaguliwa, na Rodgers alijua fika kwamba mawanda ya sauti ya Lawrence yalikuwa membamba na kwamba alikuwa na mazoea ya kuteleza chini ya noti. Hatimaye walikubali, na The King and I ikafunguliwa tarehe 29 Machi 1951, Lawrence akiwa na miaka 52. Anna wa historia alikuwa na miaka 30 alipofika Bangkok mwaka wa 1862, na Mfalme Mongkut, aliyezaliwa 1804, alikuwa na umri wa kumzaa. Jukwaani mfalme alikuwa Yul Brynner, mwenye miaka 30. Uwiano wa umri uligeuzwa juu chini, kama utakavyogeuzwa tena miaka minane baadaye kati ya Maria na Kapteni.

Rodgers alitatua tatizo la koo la Lawrence ndani ya utunzi wenyewe. Nyimbo za Anna hazipandi sana wala hazishuki sana. Zinakwenda kwa hatua fupi, zinakaribiana na mazungumzo, na nguvu yake imo katika ucheshi na katika uhusiano wa mwalimu na watoto. Wimbo wake wa mwanzo unahusu kupiga mluzi ili kuficha woga, na mluzi hauhitaji upeo wa sauti. Mapenzi makali, yale yanayodai sauti kupaa, aliyahamishia kwa wapenzi wadogo, Tuptim na Lun Tha, ambao Doretta Morrow na Larry Douglas waliwaimba kwa sauti za vijana waliofunzwa. Matokeo yake ni kwamba muundo wa tamthilia nzima, pamoja na kisa chake cha pili, unabeba alama ya koo la mwanamke mmoja wa miaka 52. Kila mwigizaji kijana anayeimba Anna leo anavaa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na huenda hajui kwa nini nyimbo zake zimekaa chini namna ile. Lawrence alipata tuzo ya Tony mwaka wa 1952. Tarehe 6 Septemba mwaka huohuo alifariki kwa saratani, akiwa bado ndiye Anna wa onyesho hilo. Alikuwa na miaka 54.

Kwa kupitia njia hii, uteuzi wa Martin mwaka wa 1959 hauonekani tena kuwa ajabu. Yeye pia alikuwa kwenye chemchemi ya kazi. Mwelekezi Vincent Donehue alitazama filamu ya Kijerumani ya mwaka wa 1956 kuhusu familia ya Trapp, akaona kwamba ingemfaa Martin. Mume wa Martin, Richard Halliday, akawa miongoni mwa waliogharimia na kuandaa tamthilia. Awali ilikusudiwa kuwa tamthilia ya kawaida yenye nyimbo za asili zilizoimbwa na familia yenyewe. Rodgers na Hammerstein walipoombwa waongeze wimbo, walishauri kwamba nyimbo zote zitungwe upya. Walipoketi kutunga, kwa hivyo, walikwisha kujua ni koo gani litakaloziimba.

Nao walirudia mbinu ya 1951 kwa ustadi uliokomaa zaidi. Maria huimba nyimbo zake kadhaa akiwa na watoto au kwa ajili ya watoto. Mmoja ni somo la noti za muziki, unaoanza na ngazi yenyewe ya sauti, hatua kwa hatua, kama mwanafunzi anayesoma alifu na bee. Wimbo mgumu kuliko wote, ule wa kuhimiza kupanda kila mlima, unaofunga sehemu ya kwanza na kuitaka sauti ipae juu ya okestra nzima, alipewa Mama Mkuu. Neway alikuwa mwimbaji wa opera, na aliufanya wimbo huo kuwa kilele cha usiku. Naye pia alipata tuzo ya Tony. Hapa pana uamuzi wa kisanaa ambao wahakiki wengi wameupita bila kuugusa. Ujana katika tamthilia hii haukusawiriwa kwa urefu wa noti bali kwa unyofu wa lahani. Urefu wa noti umefanywa kuwa alama ya mamlaka na hekima, yaani alama ya uzee. Martin hakuhitaji kuigiza koo la msichana kwa sababu watunzi walikuwa wamekwisha kuamua koo la msichana linasikikaje, na walikuwa wameamua kwa kumsikiliza yeye.

Hili halina maana kwamba kazi yake ilikuwa nyepesi. Kuimba mara nane kwa wiki kwa takriban miaka miwili, pamoja na watoto saba, ni mzigo hata kwa koo la miaka 20. Miaka mitano kabla ya hapo Martin aliigiza Peter Pan akiwa na miaka 40, akiruka angani kwa waya huku akiimba, lakini huko alilindwa na kaida: tangu Nina Boucicault alipouigiza uhusika huo London mwaka wa 1904, Peter alikuwa kwa desturi mwanamke mzima, na hadhira iliyokwisha kukubali mwanamke kuwa mvulana haina sababu ya kudai cheti cha kuzaliwa. Maria hakuwa na kinga hiyo.

Je, Martin alimnyang'anya kijana nafasi? Swali hili ni la haki na halipaswi kufunikwa kwa sifa. Mwaka wa 1959 walikuwapo waimbaji wa miaka 22 wenye uwezo. Lakini bila Martin uhusika wenyewe usingekuwapo wa kunyang'anywa. Mara tu kazi ilipotoka mikononi mwake ilirudi kwa vijana: Florence Henderson, aliyezaliwa 1934, aliongoza ziara ya Marekani mwaka wa 1961, na filamu ilipopigwa mwaka wa 1964 Maria alikuwa Julie Andrews, mwenye miaka 28. Mlango uliofunguliwa na mwanamke wa makamo ulipitwa na wasichana, na huo umekuwa ndio uhusika wao tangu hapo. Dhuluma, ikiwa ipo, imo upande wa pili. Tamthilia nyingine kubwa aliyotungiwa Martin, I Do! I Do! ya mwaka wa 1966, inafuata maisha ya ndoa ya miaka 50, na inaanza na usiku wa harusi. Alikuwa na miaka 53. Hata pale ambapo uzee ulikubaliwa kuingia jukwaani, ilibidi kwanza upite mlango wa mwari.

Kamera ilivunja mapatano haya. Jukwaani mtazamaji wa safu ya 20 huona umbo, mwendo na mavazi, na sauti ndiyo inayomfikia kikamilifu. Katika filamu uso hujaza ukuta mzima, na sauti inaweza kutengwa na mwili na kubadilishwa kama kifungo cha shati. Hollywood iliamua kutafuta uso kwanza. Deborah Kerr alikuwa Anna wa filamu ya 1956, lakini noti alizoshindwa kuzifikia ziliimbwa na Marni Nixon. Studio ilipoitengeneza My Fair Lady, Andrews hakuchukuliwa kwa kuwa hakuwa na jina katika sinema. Akachukuliwa Audrey Hepburn, mwenye miaka 34, na nyimbo zake nyingi zikaimbwa na Nixon yuleyule. Waswahili walikwisha kuonya kuhusu sitara ya nguo ya kuazima. Filamu ilitoka mwaka wa 1964 na kushinda tuzo nyingi, lakini Hepburn hakupendekezwa hata kwa tuzo ya Oscar, ambayo mwaka uliofuata ilichukuliwa na Andrews kwa Mary Poppins. Katika filamu ya The Sound of Music Mama Mkuu alikuwa Peggy Wood, aliyezaliwa 1892 na aliyekuwa mwimbaji mashuhuri enzi zake. Wimbo wa kilele ulikuwa umemshinda. Uliimbwa na Margery McKay. Uso wa mzee ulihitajika kwa ajili ya uhalisia, na sauti ya mzee ikaondolewa kwa ajili ya uzuri. Kwa mujibu wa kamera, basi, kila kiungo kina umri wake unaofaa.

The Wiz, tamthilia iliyohamishia kisa cha Dorothy na nchi ya Oz katika muziki na mazingira ya Wamarekani Weusi, ilifunguliwa Broadway Januari 1975 Stephanie Mills akiwa Dorothy. Alikuwa na miaka 17. Filamu yake ilipoandaliwa, Diana Ross, aliyezaliwa tarehe 26 Machi 1944, aliutaka uhusika huo. Alikuwa nyota mkuu wa kampuni ya Motown, na Motown ilikuwa na mkono katika filamu. Mwelekezi John Badham alijitoa kwa sababu ya uteuzi huo, akaingia Sidney Lumet. Tofauti na 1959, watengenezaji hawakuthubutu kumfanya Ross awe mtoto. Walibadilisha matini, na Dorothy akawa mwalimu wa miaka 24 wa mtaa wa Harlem ambaye hajawahi kuthubutu kutoka nje ya mtaa wake. Mabadiliko hayo yana mantiki yake, na pengine yana wazo zuri kuliko sifa yake: mtu mzima anayeogopa maisha ni mhusika mwenye uzito. Ila nyimbo nyingi zilibaki zilezile, zilizotungwa kwa ajili ya mtoto anayetamani kurudi nyumbani. Umri wa matini ulipandishwa huku umri wa muziki ukiachwa chini, na ufa huo husikika kila mhusika anapoacha kuzungumza akaanza kuimba. Filamu ilitoka mwaka wa 1978 na haikurudisha gharama zake.

Kisa cha karibuni zaidi kinaonekana kupinga hoja ya makala haya, na kwa sababu hiyo hakiwezi kurukwa. Ben Platt alizaliwa tarehe 24 Septemba 1993. Dear Evan Hansen ilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Washington mwaka wa 2015 alikuwa na miaka 21, na ilipofika Broadway Desemba 2016 alikuwa na 23, akimwigiza mwanafunzi wa sekondari mwenye miaka 17. Benj Pasek na Justin Paul walizitunga nyimbo za Evan huku wakiisikiliza sauti yake: kupanda kwa ghafla hadi sauti nyembamba, kukatika kwa pumzi, kilio kilicho karibu kuwa wimbo. Alipata tuzo ya Tony mwaka wa 2017, na hakuna aliyeuliza umri wake. Filamu ilitoka tarehe 24 Septemba 2021, siku aliyotimiza miaka 28, na katika magazeti na kumbi za sinema karibu hakuna kingine kilichozungumzwa ila umri huo. Babake, Marc Platt, alikuwa mmoja wa watayarishaji. Masharti yote yaliyomfaa Martin yalikuwapo: ukaribu na chanzo cha kazi, na nyimbo zilizoshonwa juu ya koo lake. Kilichokosekana ni umbali. Miaka 11 ni michache sana ikilinganishwa na ile 24 ya Martin na Maria, lakini ilitosha kuvunja usadikifu, kwa sababu kamera ilikaa shubiri moja kutoka shavuni. Hivyo mapatano yanayoelezwa hapa ni ya jukwaa, na hayahamishiki kwa kuhamisha tu nyimbo na mwimbaji wake.

Mwaka uliofuata ulileta Broadway tamthilia iliyoligeuza tatizo lenyewe kuwa maudhui. Kimberly Akimbo ilitungwa na Jeanine Tesori kwa maneno ya David Lindsay-Abaire, aliyekuwa ameiandika kwanza kama tamthilia isiyo ya nyimbo. Mhusika wake, Kimberly, anakaribia kutimiza miaka 16 na ana maradhi adimu yanayouzeesha mwili wake kwa kasi ya mara nne au tano. Kwa watu wenye hali hiyo, miaka 16 ndiyo wastani wa maisha. Ilifunguliwa Broadway tarehe 10 Novemba 2022. Kimberly alikuwa Victoria Clark, aliyezaliwa Oktoba 1959, naye alikuwa na miaka 63. Waliomwigizia wazazi walikuwa wadogo kwake kwa umri, na wanafunzi wenzake jukwaani walikuwa vijana hasa.

Katika tamthilia hii pengo la umri halifichwi kwa rangi za uso wala halifunikwi na kaida. Hadhira inatakiwa ilione, na kila mara ilionapo inasogezwa karibu na kifo cha msichana huyo. Utunzi wa Tesori unafuata njia hiyohiyo. Hakumpunguzia Clark mzigo kama Rodgers alivyompunguzia Lawrence. Clark ni mwimbaji wa sauti ya juu aliyefunzwa, ambaye mwaka wa 2005 alipata tuzo ya Tony kwa kumwigiza mama wa binti kijana katika The Light in the Piazza, na Tesori alimpa noti zinazohitaji mafunzo hayo yote, kisha akamtaka aziimbe kwa haya ya binti asiyejua mikono yake aiweke wapi. Koo lililokomaa likawa ndilo chombo cha kuonyeshea moyo ambao haujakomaa. Dhana kwamba sauti ya ujana ni lazima iwe sauti changa, ambayo opera iliikana kwa mazoea na Broadway ikaizunguka kwa hila, hapa imekanwa kwa hoja.

Clark alitunukiwa Tony mwaka wa 2023, na tamthilia yenyewe ikachukua tuzo ya tamthilia bora ya muziki. Jambo la maana zaidi kwa historia hii ni hatima ya uhusika wenyewe baada yake. Maria alirudi kwa vijana baada ya mwenye kazi kuondoka. Kimberly hawezi kurudi. Msichana wa miaka 16 ndiye mtu pekee asiyeweza kumwigiza. Ziara ya Marekani ilipoanza Septemba 2024, aliyepanda jukwaani kuwa mwanafunzi huyo wa sekondari alikuwa Carolee Carmello, aliyezaliwa mwaka wa 1962.